Mkwe Mtarajiwa na Bakapu Isiyofunguka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo kompyuta ya zamani ya ofisi yetu hapa Kurasini inafutwa ili tuhamie mpya, na mie ndiye wa kutia sahihi. Sie ni mawakala wa kutoa mizigo bandarini, seva yetu ni mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, ndiyo hiyo ya zamani, na anayeitunza ni Anwar, kijana mpole ambaye mwezi uliopita alileta posa kwa binti yangu Hamisa tukaikubali, na tangu hapo, kama ilivyo kwetu, hanitazami usoni nami simsemeshi, kukiwa na ishu ya kazi tunamtuma Fransis wa mapokezi, na ni kupitia Fransis huyo nililalamika kwamba mfumo unaganda kila mashine inapopigwa picha ya bakapu, yaani nakala ya akiba ya kila kilichomo, huku madereva wa malori wanatugombeza dirishani, jioni ileile ukaacha kuganda, nikamsifia mkwe kwa mashoga zangu wote, kumbe ameondoa programu ndogo ya ndani ya mashine inayouambia mfumo utulie kidogo ili picha itoke kamili, na juzi nilipojaribu kuifungua bakapu kwenye mashine mpya faili za wateja zikaja nusunusu, hazifunguki, nikamtuma Fransis akaulize, akarudi na jibu, "Anasema, mwambie mama zipo, asiwe na wasiwasi." Nikimwambia bosi, Anwar anafukuzwa na harusi ya mwanangu inaharibika, nikinyamaza, kumbukumbu za mizigo ya watu zinapotea. Nifanyeje?

Mama Hamisa, Temeke

Mama Hamisa, pole. Umepata mkwe mwenye adabu nyingi kuliko seva inavyoweza kuhimili. Alijua kwamba bila kule kuganda hakuna bakapu ya maana, lakini kukwambia hivyo ni kukubishia, na mama mkwe habishiwi. Nawe ukamfanya mtu wa mapokezi kuwa mshenga wa kompyuta.

Usitie sahihi. Kumbukumbu kamili zimebaki kwenye mashine ya zamani tu. Kesho mwite Anwar mwenyewe, Fransis abaki mapokezi. Airudishe ile programu, apige picha upya dirisha likishafungwa, na nakala aiweke kwenye diski nyingine, kwa sababu picha iliyo ndani ya kompyuta ileile hufa nayo. Kisha aifungue mbele yako. Neno "zipo" usilipokee tena. Ona kwa macho. Zikifunguka, nendeni wote wawili kwa bosi, na uanze kusema wewe, maana lalamiko lako ndilo alilolichukua kuwa agizo.

Halafu mwambie Anwar kwamba siku nyingine ukiagiza upuuzi, akukatalie hapohapo. Akishindwa, cha kufikiriwa upya si ajira yake, ni posa.