Baiskeli Isiyo na Pedeli

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mandawa tu wazima, babu yako yuko kwenye ufuta wake. Unauliza kama umnunulie mwanao Baraka baiskeli isiyo na pedeli, maana majirani wanaicheka. Waache wacheke. Nilipokuwa msichana, baba akienda shambani kwa miguu alikuwa anaitoa cheni ya baiskeli yake ili nisiiendeshe. Basi nikashusha kiti, nikawa naisukuma kwa miguu kwenye mteremko wa kanisani, hadi nikaweza kuteremka miguu ikiwa juu. Siku aliyosahau kuitoa cheni, nilimpita njiani nikikanyaga pedeli.

Wewe dukani angalia kitu kimoja: Baraka akikaa, nyayo zake zikanyage chini zote.

Krismasi mje nayo. Ule mteremko bado upo.

Bibi yako, Agatha