Vitambaa vya Chumba cha Seva

Jumatatu, 3 Machi

Na ijulikane kwa wasomaji wote wa daftari hili, yaani mimi peke yangu: leo nimenunua miwani ya kusomea! Mama watoto amecheka hadi akakaa chini. Eti nafanana na hakimu aliyestaafishwa kwa lazima.

Habari ndogo: hospitali imeajiri fundi mwingine wa mitandao. Binti, ana vyeti vinne. Amevitundika ukutani, mbele ya macho yangu kabisa. Na meneja ametangaza: kufikia Juni, mkuu wa kitengo lazima awe na cheti. Mkuu ni mimi. Cheti sina. Nina miaka kumi na tisa ya kutambaa chini ya meza za watu – yaulize magoti yangu.

Jumatano, 5 Machi

Bi Vyeti (jina nimempa kimoyomoyo) ameingia chumba cha seva na simu. Anapiga picha nyaya zangu! Nimemchungulia mlangoni kama mwizi, ofisini kwangu mwenyewe.

Nyaya zangu hazina lebo. Nazifunga vitambaa, vipande vya magauni ya zamani ya mama watoto. Maua ni mapokezi, mistari ni maabara. Ninayejua ni mimi tu. Ndiyo bima yangu ya kazi.

Sasa picha za nini? Halafu ameniletea chai. Chai ya nini?

Alhamisi, 6 Machi

Leo ameuliza waziwazi: Kaka, hiki cha maua ni cha wapi? Na cha mistari? Nimemjibu. Ameshukuru kwa heshima zote. Heshima hiyo inanitisha kuliko matusi.

Mama watoto anasema nina wivu. Mimi! Nimemwambia huu si wivu, ni ulinzi.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Asubuhi Bi Vyeti alikwenda kubadilisha waya wa maabara, akachomoa wa mapokezi. Kompyuta zote za mapokezi kimya. Foleni hadi nje, mzee mmoja anafoka, mtoto analia. Nikaingia, nikachomeka, kazi ikarudi. Wauguzi wakanipigia makofi!

Meneja akasema mbele ya watu: “Vyeti vinne, waya mmoja umemshinda!” Wakacheka. Nami nikacheka kidogo. Kisha akanivuta pembeni: mchana nithibitishe kuwa ni uzembe wa binti, aondoke leo leo, na habari ya cheti changu tutaisahau.

Binti akanifuata, macho mekundu.

“Kaka, labda nilichanganya maua na mistari. Darasani tulifundishwa kuhakikisha kila waya kabla ya kuuchomoa. Nikasema ya nini, Kaka keshaniambia.”

Nikamuuliza zile picha.

“Za mtihani wako. Ule wa cheti. Nilitaka nikufundishe kwa nyaya zako mwenyewe, usiteseke na vitabu.”

Nikavaa miwani. Nikaivua.

Sasa niko chumba cha seva, nimekalia boksi. Ukweli wenyewe huu hapa. Binti hakuchanganya kitu. Jana nilimwambia cha maua ni cha maabara. Nilikuwa najua ninachosema.

Meneja anagonga. “Mzee wangu, tunakusubiri!” Anasema binti naye yuko hapo nje –