Kweleakwelea Hawakungoja Kipindi Kiishe

Ulemo, Jumanne, mwezi wa nne. Upepo wa baridi tangu asubuhi na anga safi kabisa, la kumfurahisha mtu asiye na shamba.

Leo kidato cha tatu tulikuwa na neno moja la Kiingereza, onslaught. Kamusi yangu, ambayo jalada lake lilishakimbia, inasema ni shambulio kali. Nikaongezea ya kwangu, si mnanijua. Nikawaambia mwizi mmoja akiiba kuku mmoja, neno hilo ni kubwa kwake. Onslaught ni ya wale wanaokuja, unawafukuza, wanarudi wengi zaidi, mpaka mkono wako unachoka wao bado.

Nilieleza vizuri mno. Somo lenyewe nililipata shambani.

Siku hizi mbegu inauzwa na yeyote mwenye kibanda, nami nikanunua mtama mweupe wa kukomaa haraka. Hapa kwetu watu hupanda mtama mwekundu, mchungu mdomoni mwa ndege, tena hupanda pamoja, ili ukiiva ndege wagawane mashamba na watu wagawane kelele. Mimi msomi nikaona huo ni ushamba. Mke wangu, Mama Eliya, alisema mara moja tu: "Baba Eliya, wa kwanza kuiva ndio wa kwanza kuliwa." Nikamwambia asome maandishi ya kwenye mfuko.

Mtama wangu ukaiva peke yake. Kweleakwelea wote wakaja kwangu.

Juzi nilimwamkia jirani yetu, Mzee Mkumbo. "Marahaba, mwalimu," akaitikia. "Naona wageni umewapikia mapema. Wakifika kwangu watakuwa wameshashiba." Tukacheka wote wawili, kisha akaniazima kombeo lake.

Wiki mbili sasa Mama Eliya anapanda ulingoni, jukwaa letu la kulindia mtama, alfajiri kupiga debe kufukuza ndege, mimi nampokea jioni. Jana sauti ilimkauka. Akaniomba nibaki naye asubuhi moja tu. Nikasema mitihani imekaribia.

Uongo. Nilichoka kushindwa na kitu kidogo kuliko ngumi yangu. Darasani angalau nikipaza sauti watu hutulia.

Basi leo, baada ya kueleza lile neno, nikaomba wanafunzi sentensi. Akasimama Zaituni, ambaye hupita shambani kwangu akija shule. Kwa Kiingereza kilichonyooka akasema shamba la mwalimu limemalizwa na onslaught ya ndege, na mke wa mwalimu amekaa chini.

"Chini wapi?" nikauliza, kwa Kiswahili.

"Chini ya ulingo, mwalimu. Hapigi tena debe."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Nikampa vema. Kosa sikuliona.

Nilipofika shambani, masuke yalikuwa yamesimama matupu kama fagio. Ndicho kilichokuwa chakula chetu cha mwaka. Mama Eliya hakunikumbusha neno lake hata moja. Alinipa debe, akaenda nyumbani. Nami nikapanda ulingoni nikalipiga mpaka jua likazama, na ndege hata mmoja hakuwapo.

Dakika arobaini nzima nimeeleza neno la watu. "Nisamehe" halihitaji kamusi, na Mama Eliya yuko hapo jikoni, hatua kumi tu.

Mbona bado nimekaa naandika?