Dada Mghoi, Hesabu Ile Tuliifanya Wawili

Dada Mghoi,

Sijakuandikia tangu niondoke huko milimani, na sababu unaijua. Wengine hawaijui. Walimu wenzangu hapa Voi huniona nikinyamaza kila jina lako linapotajwa kwa sifa, wakadhani nina kijicho. Kwa hiyo barua hii nimeiacha wazi, yeyote anayetaka na asome.

Nianze na mema, maana yalikuwepo na siwezi kuyafuta.

Nilipofika shuleni kwenu, kule chini ya msitu wa Chawia, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi. Binti wa mwenye duka hapa karibu na stesheni, sijawahi kujua baridi. Nilikuja na sweta moja nyepesi. Ukanitazama nikitetemeka mlangoni, ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Huyu wametuletea tumzike?" ulisema. Kisha ukaingia chumbani kwako, ukatoka na blanketi lako zito ukanifunika mabegani. "Utazoea, mdogo wangu." Tangu hapo nilikuita dada, na sikukuita kwa adabu tu.

Jumapili ulikuwa ukitoka kanisani unapitia kwa mama yako, unaniletea kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, kingali moto ndani ya jani la mgomba. Kila mara, kabla sijauliza, ulisema: "Kula. Hakina kitu usichokula, nimehakikisha." Ramadhani ulinipikia uji, ukakaa nami kungoja jua lizame, na wewe hukuwa umefunga. Ndugu wa tumbo moja wangapi hufanyiana hivyo?

Kisha yakaja matokeo ya darasa la saba. Mwalimu mkuu aliyasoma paredi, watoto wamesimama kwenye ukungu miguu mitupu. Mtoto mmoja tu ndiye aliyepata nafasi ya sekondari. Mwalimu mkuu akakunja karatasi, akasema shule hii ina vichwa vya mawe, serikali inapoteza chaki bure. Wakesho alikuwa mstari wa mbele. Mtoto wa marehemu kaka yako, uliyemlea wewe, na mwaka uliofuata ndio ulikuwa zamu yake kufanya mtihani.

Uliingia nyumbani umekasirika. "Hawa watoto si wajinga, Rukia. Mimi nimewafundisha tangu wako wadogo. Kuna kitu kinawala."

Tukaanza kukitafuta hicho kitu, mimi na wewe.

Ratiba ilikuwa imebandikwa ofisini, imepigwa mistari kwa wino mwekundu, inapendeza. Ukiisoma ungesema watoto wale wanasoma kuliko watoto wa Nairobi. Nilikuwa na saa ya mkononi, zawadi ya baba, na nilikuambia: "Tusihesabu kengele. Tuhesabu tangu mwalimu anapofungua mdomo kufundisha mpaka anapoufunga." Ukapenda maneno hayo, ukayarudia.

Basi tukatazama. Paredi ilimeza kipindi cha kwanza karibu kila siku, kwa kuwa mwalimu mkuu alipenda kuhutubia. Baada ya mapumziko watoto walishuka mtoni kuchota maji ya nyumba za walimu, wakirudi wamelowa na kipindi kimekwisha. Alhamisi alasiri ratiba ilisema kilimo, na kilimo chenyewe kilikuwa kupalilia kabichi za mwalimu mkuu. Mwisho wa mwezi walimu walishuka Wundanyi kufuata mshahara, madarasa yakabaki na viranja. Sikukuu ikikaribia, kwaya ilichukua kilichosalia.

Jumamosi moja tuliketi kwenye ngazi za nyumba yetu, juani, wewe na chaki, mimi nikikusomea. Ulitoa, ukatoa tena. Ukafuta, ukaanza upya, ukitumaini nimekosea. Jibu halikubadilika: watoto walikuwa wanapata nusu na kidogo tu ya masomo yaliyoandikwa ukutani. Uliweka chaki chini ukalia.

"Nusu, Rukia. Wanafanya mtihani mzima kwa nusu ya masomo."

Ni wewe uliyesema tusinyamaze. Mkutano wa wazazi ulikuwa unakuja, na afisa wa elimu angekuwepo. Nilitaka kuzungumza mimi ukanikataza. "Wewe ni mgeni. Watasema msichana wa Voi amekuja kutufunza maisha. Mimi ni mtoto wa hapa, nitasimama mimi." Ukanishika mkono palepale kwenye ngazi, tukakubaliana.

Siku ya mkutano wazazi walijaa uwanjani, wengine wametoka Ronge kwa miguu. Mwalimu mkuu alieleza kwamba watoto ni wavivu na mama zao wanawadekeza. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikutazama. Ulikuwa unafunga kilemba chako upya. Nikakohoa. Ukageuka kutazama migomba ya jirani, kana kwamba hujawahi kuiona.

Nikasimama mwenyewe. Nilieleza yote: paredi, maji, kabichi, mshahara, kwaya. Nilisema watoto wao hawana vichwa vya mawe, wananyimwa masomo. Mama mmoja akasema, "Kumbe!" Mzee aliyekaa nyuma yake akatikisa kichwa kukubali. Walikuwa wananiamini, dada. Nilikuwa nawaona usoni wananiamini.

Mwalimu mkuu hakukasirika. Alitabasamu, akakugeukia. "Mwalimu Mghoi, ninyi mnaishi nyumba moja. Hesabu hii unaijua?"

Ukasimama. Nilidhani sasa ndipo utasema.

"Siijui," ulisema. "Mimi nilikuwa darasani nafundisha. Labda mwenzangu alikuwa na nafasi ya kutazama saa."

Watu walicheka. Yule mama aliyesema kumbe alicheka pia, akaziba mdomo kwa leso. Afisa akainamisha kichwa chake, mkutano ukaendelea na habari ya kuezeka choo. Sikumbuki nilivyoketi.

Nyumbani nilikuuliza jambo moja tu: "Kwa nini?" Ukasema nina haraka, kwamba mambo ya shule hayaendi hivyo, kwamba wewe una mama na mtoto wa marehemu wa kulisha. Muhula uliofuata ukatangazwa naibu wa mwalimu mkuu. Ndipo nilipoelewa kwamba kiti kile uliahidiwa kabla ya mkutano, na uliposhika mkono wangu kwenye zile ngazi pengine ulikuwa tayari unakitazama. Au pengine siku ile ulikuwa mkweli, ukabadilika baadaye. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi, na mpaka leo sijui ni lipi linaloniuma zaidi.

Nami, mwalimu mkuu akaniombea uhamisho. Nikapelekwa Mata, kule mpakani. Asubuhi ya kuondoka hukutoka chumbani. Wakesho ndiye aliyenisindikiza barabarani. Tulipofika akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ni kweli ulizitunga zile hesabu? Shangazi anasema ulikosea." Nilimwambia sikukosea. Aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyangu. Mwisho wa mwaka ule alifanya mtihani, akaanguka.

Mata nilifundisha miaka mingi. Joto, mbu, na watu wema waliojaza nyumba yangu ndizi. Niliyaondoa mawazo yangu kwako, au nilidhani nimeyaondoa. Kisha likizo moja ya Agosti tukaitwa kozi ya walimu hapa Voi. Nimekaa katikati ya ukumbi, nikaona wewe ndiye unayepanda mbele, sasa mwalimu mkuu, umevaa suti ya buluu. Ukaandika ratiba ubaoni.

"Walimu, msihesabu kengele," ulisema. "Hesabuni tangu mwalimu anapofungua mdomo kufundisha mpaka anapoufunga."

Neno kwa neno, Mghoi. Ulieleza paredi, ulieleza maji. Ukasema uligundua hayo ulipokuwa mwalimu kijana, ukaketi peke yako ukayapigia hesabu. Peke yako! Macho yetu yakakutana, nawe hukukwama hata kwa neno moja. Walimu wakapiga makofi. Jirani yangu akanigonga kiwiko, "Piga makofi, dada, huyu mama ana akili."

Wakati wa chai ulinifuata. "Rukia, si unajua mambo yalivyokuwa."

"Najua. Nilikuwepo," nikasema, nikaondoka na kikombe changu.

Tangu nihamishiwe hapa Voi, nasikia shule yako sasa inapeleka watoto sekondari kila mwaka. Paredi ni fupi, maji watoto hawachoti tena, kabichi umezing'oa. Nimefurahi, na nasema kweli. Watoto wale walipata saa zao, na zimetoka mkononi mwako. Kuna siku hujiambia kwamba hilo linatosha, jina la aliyeanza si kitu.

Lakini mwezi huu nilipita soko la Mwatate, mwanamke akaniita kutoka nyuma ya fungu la nyanya. Wakesho. Mtoto mgongoni, mwingine amelala juu ya gunia. Tulikumbatiana, akaniongezea nyanya nilizokataa. Nikamuuliza kama mtoto wake mkubwa atasoma shuleni kwa shangazi. Akacheka. "Nitampeleka, Mwalimu, lakini naogopa asije akarithi kichwa changu. Mimi kilikuwa kizito."

Nikamweleza yote, palepale, wateja wamesimama. Kwamba hakuwa na kichwa kizito, kwamba yeye na wenzake walipewa nusu ya masomo wakaulizwa mtihani mzima. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Kisha akanipapasa mkono. "Wewe ulinipenda tu, Mwalimu. Lakini shangazi mwenyewe alisema."

Sitaki kiti chako, wala sitaki upande tena jukwaani useme Rukia alikuwepo. Mimi uliponikana nilikuwa mtu mzima, nilikuwa na mshahara na mahali pa kwenda. Yule alikuwa mwanao, naye amekuamini wewe akajidharau mwenyewe mpaka leo.

Shuka Mwatate siku ya soko. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hesabu zile zilikuwa sawa. Mimi nimemwambia, hakuniamini. Ni wewe uliyemfundisha asiniamini.

Baridi ya huko isikuumize kifua, najua huwa kinakusumbua.

Niliyekuwa mdogo wako,
Rukia