Nilimshukuru Mbwa, Nikamwacha Wilmar

Mpendwa Doña Zulma, nisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani hapa Montevideo, nina miaka sitini na nane na tuzo tatu, na kwa miaka kumi na tisa maneno yakinitoka kichwani hunong'onezewa na Wilmar, anayekaa kwenye kijisanduku ukingoni mwa jukwaa na kitabu cha mchezo mkononi, na siku hizi yananitoka karibu kila onyesho, basi mwezi uliopita nilipopokea tuzo ya tatu nilimshukuru mwongozaji, mshona mavazi, daktari wa meno, hata mbwa wangu, ila Wilmar sikumtaja, na ukweli ni kwamba sikusahau, niliogopa watu wataulizana huyu mama ananong'onezewa nini.

Ijumaa iliyopita nikakwama. Nikamtupia jicho, naye ananyonya chai yake ya yerba kwa mrija taratibu, ananitazama kama mtu anayetazama mvua. Nikamwambia kwa midomo tu, "Wilmar, neno!" Akanong'ona, "Muulize mbwa."

Nikabuni. Nikamuua shangazi aliyetakiwa kuingia sehemu ya pili, ikabidi aingie akikanusha kifo chake.

Jumamosi hii tunafungua mchezo mpya. Nikimwomba radhi hadharani nimejianika, nisipomwomba nimekwisha. Nifanyeje?

Asiyetaka Kujulikana

*

Ewe Asiyetaka Kujulikana mwenye tuzo tatu, mji mzima umeshakujua, tuendelee.

Pole, mwenzangu. Kusahau si aibu. Lakini mtu akubebe miaka kumi na tisa, nawe umfiche kama kiraka cha suruali? Fadhila za punda ni mateke, na wewe teke umelipiga ukiwa ndani ya gauni la hariri.

Eti siri. Siri gani? Mimi hukaa safu ya tatu, na Wilmar namsikia kabla yako! Sisi wa mbele sote tunamsikia. Na bado tunakulipia tiketi, kwa sababu neno anatoa yeye, ila kulisema likatuchoma, hakuna mwingine awezaye.

Kesho asubuhi nunua keki za siagi zingali moto, uende kwake kwa miguu yako. Usilie, atadhani unaigiza. Mwambie, "Nilikuacha makusudi, nisamehe." Halafu Jumamosi, makofi yakianza, mtoe kwenye hicho kijisanduku, mpandishe jukwaani, umwinamie yeye kwanza.

Na hayo maneno matatu ya kesho yakariri vizuri, mama. Hayo hakuna wa kukunong'onezea.