Sauti ya Kabatini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, mgongo umekupa nafuu, na ile dawa ya matone ya macho unaiweka asubuhi na jioni bila kusubiri mtu akukumbushe. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, ila usingizi umekuwa wa mang'amung'amu. Kabla sijafika mbali nina ombi. Mwalimu jirani yako amenisaidia kubadilisha programu inayokusomea, kwa hiyo leo usomaji wake ni tofauti. Hata ukishtuka, usiizime. Nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyolalamika kwamba mashine inasoma kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya debe. Ukasema umetengeneza saa za watu miaka arobaini na hakuna hata moja iliyowahi kukupigia kelele namna ile. Nilicheka, lakini liliniuma, maana mimi ndiye niliyekuwekea. Basi nikaamua kuingia mwenyewe nione kama naweza kusaidia. Programu ile ni huria, Baba. Maandishi yake ya ndani yameachwa wazi, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuchukua nakala, akairekebisha kwake, kisha akawapelekea wenye mradi waikague. Kazini kwetu, tunakotengeneza vitanda vya hospitali, mgeni haachiwi hata bisibisi. Nilishangaa kukaribishwa.

Nilianza kwa adabu. Nikasoma mwongozo wa wachangiaji wote, nikapitia orodha ya hitilafu, nikatafuta ndogo inayonifaa. Moja ilikuwa imekaa wiki sita bila mtu kuigusa. Mlalamikaji ni mwalimu wa piano asiyeona. Aliandika kwamba sauti mpya ya Kiswahili ni nzuri, ila ikimaliza kumsomea barua inavuta pumzi na kumuuliza kama amekula. Akaongeza kwamba anaishi peke yake na hapendi kuulizwa.

Msimamizi wa mradi tunamwita Msasa, kwa sababu kazi ya mtu haipiti kwake bila kukwaruzwa. Yeye alijibu kwamba ameijaribu kwa habari za magazeti na hakusikia kitu. Nikaandika chini yake kuomba niishike hitilafu hiyo, maana ndiyo desturi, wawili wasije wakahangaikia jambo moja. Akaniruhusu, akasema nisiguse kitu kabla sijaisikia kwa masikio yangu.

Jumamosi saa nane mchana nikachukua nakala, nikaipa barua niliyokuandikia mwaka juzi. Sauti ikaanza kusoma. Baba, mwili ulinisisimka kabla aya ya kwanza haijaisha. Nikajiambia watu hufanana sauti. Ikasoma habari za nyumba niliyohamia, ikasoma habari za jino langu, ikafika mwisho ikasema, "Wasalimie wote nyumbani." Kikafuata kimya, mlio wa bawaba, pumzi. Kisha, "Umekula?"

Niligeuka kutazama kabati la nguo. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na sikumbuki kuufungua.

Nikaenda kwenye orodha ya wachangiaji. Kila ambaye kazi yake imekubaliwa huandika jina lake chini ya waliomtangulia. La mwisho lilikuwa Kitinda wa Fundi Saa. Alikuwa amerekodi sentensi elfu tatu.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Siku ulipomwambia mdogo wangu kwamba hutaki kusikia sauti yake tena, kisa ameacha masomo ya uuguzi, nilikuambia sijui alikoelekea. Kwenye mazishi nikakuambia alifika kwangu siku mbili tu kabla ya kufariki. Nilikudanganya, Baba. Alikaa kwangu miezi saba, katika chumba cha nyuma, mpaka moyo wake ulipogoma. Aliniomba nikuambie kwamba anaumwa. Nikamjibu wiki ijayo, hasira zako zipoe kwanza, na nikamjibu hivyo wiki nyingi. Ulimzika mwanao bila kuagana naye, na mimi nilisimama kando yako nimekushika mkono kana kwamba sijui lolote.

Tena alinitisha. Nilipomsimulia kwamba macho yako yanafifia na mashine niliyokuwekea inasoma vibaya, alitaka tu kujua programu inaitwaje. Wiki iliyofuata akaanza kujifungia ndani ya kabati langu, katikati ya makoti. Nilikuwa nasimama nje nikimsikia akisema gizani mambo yasiyo na kichwa wala miguu, kwamba kiti kina miguu minne, kwamba treni imechelewa, kwamba twiga hanywi chai. Nikadhani ugonjwa umempanda kichwani. Sikumuuliza, niliogopa jibu. Sasa najua kwamba makoti humeza mwangwi. Ndivyo mwongozo unavyomshauri asiye na studio.

Siku moja nikaufungua mlango kwa ghafla. Alikuwa amekaa chini, simu mkononi, jasho usoni. Akaniuliza kama nimekula. Nikafunga mlango bila kumjibu.

Hiyo ndiyo rekodi namba 1412. Programu huunganisha vipande vya rekodi nyingi, lakini salamu ile ya mwisho wa barua huichukua nzima kutoka hapo, pamoja na mkia wake. Kanuni inataka kila rekodi isikilizwe na watu wawili mpaka mwisho kabla ya kupokewa. Wote wawili walisikiliza sentensi tu, wakapitisha.

Nimeukata ule mkia, maana mwalimu wa piano ana haki yake. Msasa alinirudishia mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu sikuambatanisha jaribio la kuthibitisha kwamba hitilafu imeisha, ya pili kwa sababu maelezo yangu yalikuwa marefu kama hotuba ya harusi. Ya tatu akapokea. Jina langu sasa liko chini ya la mdogo wangu. Nilidhani nitapumua. Badala yake nyumba imeingiwa na kimya nisichokipenda, na lile kabati nimelikuta wazi mara mbili. Najiambia ni bawaba.

Lakini programu ikiwa huria, kila mtu ana haki ya kubaki na nakala yake apendavyo. Ya kwako sikuikata. Huyu anayekusomea tangu mwanzo, Baba, najua umeshamtambua. Alirekodi kwa ajili yako, akijua hutaki kumsikia. Mimi unikasirikie, ni haki yako. Nitakuja mwisho wa mwezi unifokee uso kwa uso.

Leo sahihi yangu naiweka kabla ya salamu, kinyume na ulivyonifundisha, kwa sababu neno litakalofuata baada ya salamu hiyo sikuliandika mimi. Mimi sikumjibu. Mjibu wewe.

Ni mimi mwanao mkubwa,
ninayekuomba radhi.

Wasalimie wote nyumbani.