Asiyehudhuria Bila Taarifa

Jumapili, 4 Agosti

Assalaam alaykum, daftari. Hujambo? U mzima? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila kiuno na mshono. Mama amenikanda na maji ya moto mpaka nimewataja mitume wote. Uji wa pilipili manga, nusu sufuria. Mtoto amenyonya, amelala. Nina kama robo saa.

Najua wewe ni daftari la mihutasari ya kikundi chetu cha wanawake wa sokoni. Mimi katibu ndiye ninayekaa nawe. Darasa la saba tu, lakini mwandiko wanausifu. Naanzia kurasa za nyuma. Mikutano ibaki mbele.

Nina miaka arobaini na nne. Mimba tatu zilitoka. Miaka kumi na tisa ya ndoa na Rajabu, fundi cherehani, na hajawahi kunisimanga hata siku moja. Alhamisi Mungu akatupa binti. Nimelia sana. Bado nalia.

Ataitwa Zuhura, tulishakubaliana. Ni jina la mwenyekiti wetu, shoga yangu, meza yake ya vitenge inatazamana na yangu ya viungo. Yeye hakujaliwa mtoto, mume akamwacha kwa hilo. Tumbo langu lilipokua alisema huyu ni wetu wawili. Ndiye aliyenipakia kwenye bajaji Alhamisi, akakaa hospitali mpaka akasikia mtoto analia. Miguu imemvimba kwa kuzunguka soko zima na karatasi za saini. Nikamwambia nenda kapumzike.

Nyumbani hajaja bado. Shughuli nyingi. Tunadai chumba cha kunyonyeshea sokoni, na wanawake waingie kwenye kamati ya soko. Tarehe 24 wanakutana na viongozi. Mimi nitakuwa ndani. Mzazi hatoki mpaka arobaini.

Mchana Rajabu kaleta pilau. Ya shughuli, kasema. Tamu. Nimekula yote.

Jumanne, 6 Agosti

Wenzangu wa kikundi wamekuja. Beseni, sabuni, doti mbili za khanga. Mama Neema yule wa duka la jumla la vyombo alikuwepo. Mchaga, Mlutheri, mdomo hauna breki. Leo kimya kama yuko kanisani. Nikamuuliza Zuhura yuko wapi. Kasafiri, akasema. Wapi? Akamtazama Mama. Mama akasema mtoto analia.

Mtoto alikuwa amelala.

Nimemwandikia Zuhura ujumbe. Mwishoni nikaweka kama ninavyoweka kwenye taarifa za mikutano: Nijibu mapema. Huwa ananicheka kwa hilo. Anasema hata nikimwomba chumvi nitamwambia anijibu mapema.

Jibu limekuja magharibi. "Nimesafiri kidogo. Nitakuja."

Basi. Zuhura ninayemjua hutuma sauti dakika tano, huniita katibu wangu, hucheka kabla hajaanza kusema. Nimeumia. Nasema wazi, nimeumia.

Jumatano, 7 Agosti

Akika. Naandika kama muhtasari, labda nitatulia.

Waliohudhuria: Sheikh, Rajabu na ndugu zake, Mama, majirani wa nyumba nzima, wanawake tisa wa kikundi. Mbuzi mmoja. Mtoto kanyolewa, hakulia.

Asiyehudhuria bila taarifa: Zuhura.

Ajenda: jina. Asubuhi nilimwambia Rajabu mtoto ni Salma. "Mama Zuhura, tulia. Jina ni lile lile," akasema. Nikamwambia asiniite hivyo. Mtu asiyekuja hata kumshika mtoto, jina lake simpi mwanangu. Akataka kusema kitu, Mama akamshika mkono. Wakatoka wote wawili barazani. Waliporudi Rajabu akasema sawa, kama moyo wako umetulia hapo.

Salma. Limesomwa. Limepita.

Mama alikuwa analia jikoni. Moshi, kasema. Jiko letu ni la gesi.

Jumatatu, 19 Agosti

Siku zinafanana. Kukandwa, uji, kunyonyesha, kulala, kukandwa. Nampenda mtoto huyu mpaka naogopa. Naamka namuwekea kidole puani nisikie pumzi.

Lakini kichwa kiko sokoni. Mungu anisamehe. Ndicho nilichoomba miaka kumi na tisa, nimepewa, na bado nawaza karatasi za saini. Mama anasema mzazi na siasa wapi na wapi, waachie wengine kelele. Hajui. Zamani kila kitu mimi niliita kudra. Zuhura akaniuliza siku moja: choo cha wanawake kufungwa saa kumi jioni, hiyo nayo ni kudra? Kuna mtu ana ufunguo. Sikulala siku hiyo. Toka hapo nikaanza kusikiliza mambo ya haki kama navyosikiliza darsa. Sioni vinagombana. Aliyeumba maziwa hakusema mama akanyonyeshee chini ya meza, mtoto kafunikwa na mfuko wa rambo, jua la saa saba.

Sasa hicho chumba wanakidai bila mimi, na mimi ndiye mwenye mtoto.

Mama Neema alipita. Nikamuuliza nani anaongoza. "Tunasaidiana." Zuhura karudi safari? Akasema nisijichoshe, ninyonyeshe. Akaniwekea ndizi za mtori na kuondoka mbio.

Nimeelewa. Zuhura anataka sifa peke yake. Mwenye mtoto hafai tena.

Jumamosi, 24 Agosti

Wamepita chini ya dirisha. Wametoka Mnazi Mmoja wanaelekea sokoni, wanaimba wimbo niliouandika mimi. Nilisimama na mtoto nyuma ya pazia. Sikumwona Zuhura. Hakuna hata mmoja aliyeinua uso kuniangalia. Mama Neema alinyanyua mkono nusu, akaushusha.

Nikachukua simu. Nanakili hapa, nisije nikasema sikuandika:

"Zuhura, siasa zimekupanda kichwani. Nilikubali mtoto ni wetu wawili, nilikosea. Ni wangu. Anaitwa Salma. Usihangaike kuja. Kama una la kusema nijibu mapema."

Saa mbili nzima nimekaa na simu mkononi. Mtoto analia, mimi nimeshika simu. Kisha ikaja.

"Sawa. Nisamehe."

Hata hakugomba. Urafiki wa miaka kumi na moja.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeomba dua. Nimenyonyesha. Sina la kuandika.

Jumatatu, 9 Septemba

Arobaini imetimia. Mama kanivika khanga mpya, kamfunga mtoto hirizi ya mvuje, akaniambia nianzie kwa shangazi Upanga. Nikasema sawa. Sikuenda Upanga.

Nilienda sokoni moja kwa moja. Nilishapanga maneno. Nitamwonyesha mtoto, nitamwambia yaishe. Hasira ya siku arobaini ilikuwa imeyeyuka kwenye ngazi. Nilimtamani tu shoga yangu.

Mezani kwake kuna mwanamke simjui, anauza soksi.

Nikauliza, mwenye meza kahamia wapi. Akanitazama usoni, akamtazama mtoto, akaziba mdomo. Akamwita Mama Neema. Mama Neema akatoka dukani kwake amevaa ndara moja.

"Dada, kaa kwanza."

Sikukaa.

"Zuhura hayupo. Ilikuwa ile Ijumaa. Alitoka hospitali kwako usiku, alfajiri presha ikamchukua. Akazikwa mchana baada ya swala."

Nikamwambia hapana, tumeandikiana. Akaanza kulia, mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona analia. Akasema waliogopa. Kila mtu alisema mzazi akipewa habari ya msiba maziwa yanakata, na mtoto wangu ni wa kwanza, na umri wangu huu. Mama yangu ndiye aliyesema wasubiri arobaini. Rajabu akakubali. Soko zima likakubali. Watu mia walinificha jambo moja na hakuna hata mmoja aliyeteleza.

"Na simu?"

"Anayo mama yake. Alisema atakujibu yeye, usije ukashtuka."

Sijui nilirudije nyumbani.

Jumanne, 10 Septemba

Ile pilau ilikuwa ya hitma yake. Nilikula yote nikalamba na kijiko.

Maziwa hayajakata. Yanatoka tu, yanalowesha khanga, yanatoka kama hayajasikia kitu.

Sijasema na Mama. Rajabu amekaa mlangoni tangu asubuhi na cherehani imefunikwa. Kasema siku ya akika alitaka kuniambia, neno lilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi. Nimemwambia nyamaza.

Kama nisingemwita ile Alhamisi. Kama angelala mapema. Kama karatasi zile tungegawana. Najua siku yake ilishaandikwa. Nayasema haya na bado moyo unauliza nani alikuwa na ufunguo.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeenda mtaa wa Gerezani kwa Bi Fatuma, mama yake Zuhura. Nilibisha hodi. Ule ujumbe aliusoma yeye. Mama aliyezika mwana wiki tatu, akasoma maneno yale.

Shikamoo. Marahaba, mwanangu, pita. Kama siku zote. Akampokea mtoto, akamnusa kichwani, akamweka mapajani.

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Akasema ninyanyuke, mshono haujapona. Nikamuuliza kwa nini alinijibu nisamehe, wakati hakuna aliyenikosea.

"Ndivyo angejibu yeye. Mwanangu hakuwa akiweza kugombana na wewe."

Nikamwambia kesho naenda kwa Sheikh, mtoto abadilishwe jina, aitwe Zuhura kama tulivyoahidiana. Alimfunga mtoto vizuri, kifundo kwa kifundo.

"Anaitwa nani sasa?"

"Salma."

"Jina zuri. Mwache nalo. Ameshalizoea."

Siku arobaini na tatu, ameshalizoea. Mimi ndiye niliyefarijiwa pale, badala ya kufariji.

Simu kaizima, kaiweka kabatini pamoja na kitambulisho cha kura cha Zuhura. Alinionyesha. Kisha tukanywa chai.

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua ndogo asubuhi. Salma ametabasamu. Mama anasema ni gesi. Nimemjibu labda. Ni neno la kwanza nimemwambia toka Jumatatu. Alinikanda mgongo polepole, wote tunalia.

Mama Neema alikuja na habari. Chumba kimekubaliwa. Ni stoo ya zamani, dirisha moja, inanuka dagaa. Habari ya kamati bado wanaahidi. Wanawake wanataka nishike uenyekiti. Nimekataa. Nitabaki katibu. Nitakuja na Salma, akilia nitatoka nje, akinyamaza nitarudi. Wakisubiri wasubiri, ndicho tunachodai.

Kisha nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 7. Kwenye muhtasari hatufuti. Tunakata mstari mmoja, tunasahihisha juu, tunasaini pembeni, ili kosa lionekane na aliyelifanya ajulikane. Zuhura ndiye aliyenifundisha. Nimekata "bila taarifa". Juu yake nimeandika: Taarifa ilikuwepo, katibu hakupewa. Nimesaini.

Nimetuma taarifa ya mkutano kwa wanachama wote. Jumatano, saa tisa, stoo ya dagaa, kila mmoja aje na ufagio. Namba ya Zuhura ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Najua simu imezimwa. Sikuiruka.

Nijibu mapema.